Darasa la hifdhi kwa wasioona, Magomeni: tathmini ya mlezi baada ya miezi 14

Kwa miezi 14 sasa nimekuwa nikimpeleka mtoto wa kaka yangu, mwenye umri wa miaka 11 na asiyeona tangu uchanga wake, katika darasa la kuhifadhi Qurani linaloendeshwa nyuma ya msikiti mmoja wa Magomeni. Kwa kuwa wazazi kadhaa wameniuliza iwapo darasa hilo linastahili safari na ada yake, nimeona niyaandike kwa urefu niliyoyashuhudia. Jina la mahali silitaji, kwa sababu nina lawama pamoja na sifa, na darasa lenyewe ni dogo kiasi kwamba lawama ya maandishi inaweza kulielemea. Jibu langu kwa waliouliza ni kwamba ufundishaji wa somo jipya ni bora kuliko wowote nilioukuta jijini, ilhali utaratibu wa murajaa, yaani kuzirudia sura zilizokwisha kuhifadhiwa, ni dhaifu kiasi cha kumlazimu mlezi awe mwalimu wa pili nyumbani.

Kabla ya hapo mtoto alisoma katika chuo cha kawaida cha Qurani karibu na kwetu, Kimara. Hakuna aliyemtendea vibaya. Alikalishwa mbele, alipewa tende kila Ijumaa na kuombewa dua nyingi, lakini wenzake walipokuwa wakishika misahafu na kusoma kwa zamu, yeye aliachwa asikilize tu, na maalimu alimgeukia baada ya kuwamaliza wote, mara nyingi adhana ya Magharibi ikiwa imekaribia. Kwa miaka miwili alitoka na sura tisa fupi, na katika hizo tisa alikuwa amebeba makosa ya watoto waliokuwa wakipiga kelele pembeni yake, kwa maana hao ndio waliokuwa walimu wake wa kweli. Alikuwa akisoma "kul huwa Llahu ahad" kwa kafu nyepesi. Anayejua Kiarabu kidogo anafahamu kwamba "qul" ni "sema" na "kul" ni "kula", kwa hiyo mtoto alikuwa akiiharibu sura ya Tauhidi kila siku, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumsikia.

Darasa la Magomeni lina wanafunzi tisa, wavulana sita na wasichana watatu, na walimu wawili. Ustadhi mkuu ni hafidhi, yaani aliyehifadhi Qurani nzima, ambaye mwenyewe haoni, na anasaidiwa na ukhti mmoja anayeona, ambaye huwafundisha wasichana na kushughulikia vitabu. Masomo ni Jumatatu hadi Alhamisi baada ya Alasiri, pamoja na Jumamosi asubuhi. Chumba ni cha kawaida kabisa, chenye mikeka, feni moja na dirisha linaloelekea uchochoro. Siku ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kueleza historia ya macho ya mtoto, hospitali tulizopita na mambo ya namna hiyo, lakini ustadhi hakuuliza lolote kati ya hayo. Alimpokea mkono mtoto, akamkalisha magoti yakikaribia kugusana, akasema, "Karibu, shehe wangu. Nisomee sura unayoipenda." Mtoto akasoma Al-Fil. Ustadhi aliisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akanigeukia na kusema, "Kumbukumbu anayo, dada. Ila huyu kafundishwa na watoto wenziwe. Itabidi tubomoe kwanza."

Kubomoa kulichukua wiki saba. Nililalamika moyoni, kwa sababu nilikuwa nimemleta aongeze sura na badala yake alikuwa akirudishwa Al-Fatiha, lakini leo nakiri kwamba wiki hizo ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kuliko zote. Njia yenyewe ni talqini, yaani mwalimu anatamka na mwanafunzi anarudisha, na si njia iliyobuniwa kwa ajili ya wasioona. Ndiyo njia ya asili ya Qurani, na hata mwenye macho mazuri hahesabiwi kuwa amesoma mpaka awe amesikilizwa na mwalimu. Imamu Shatibi, ambaye utenzi wake wa beti 1173 kuhusu visomo saba, yaani namna saba zinazokubalika za kuisoma Qurani, unahifadhiwa na wanafunzi wa fani hiyo mpaka leo, alikuwa haoni, na Shehe Muhammad Rifat, ambaye sauti yake ndiyo iliyofungua matangazo ya redio ya taifa ya Misri mwaka 1934, alipoteza uoni akiwa mtoto mdogo. Nayataja haya kwa sababu wazazi wengi wa Dar es Salaam, nami nikiwamo, huanza kutafuta darasa la namna hii wakidhani wanatafuta njia ya mkato ya huruma. Kinachotafutwa ni mwalimu mwenye sikio lililofunzwa, na bei ya darasa ipimwe kwa hilo.

Talqini ya pale ina mambo mawili ambayo sikuyaona kwingine. La kwanza ni kwamba hakuna kusoma kwa pamoja wakati wa somo jipya. Ustadhi huikata aya katika vituo vyake, akatamka kila kipande mara tatu, na mwanafunzi akakirudisha peke yake mpaka kikae, ndipo vipande viunganishwe. Kusoma kwa pamoja huwapendeza wageni, lakini asiyeona akiwa ndani ya kundi hufuata sauti yenye nguvu na kosa lake hujificha humo humo. La pili ni namna ya kusahihisha. Mwenye macho huona uso wa mwalimu ukikunjika na kujua kwamba amekosea, ilhali asiyeona hana msaada huo, na akikatizwa kwa maneno hupoteza uzi wa aya. Kwa hiyo ustadhi hugonga mkeka kwa kifundo cha kidole: mara moja kwa kosa la herufi, mara mbili kwa kosa la irabu, mara tatu kwa aliyeruka. Mwanafunzi hurudi nyuma mwenyewe na kutafuta kosa. Nimemwona kijana mmoja akirudi mara nne katika aya moja bila kuambiwa neno, na mara ya nne akacheka mwenyewe alipoligundua.

Matamshi nayo yanafundishwa kwa kugusa. Mtoto huwekwa kiganja mbele ya kinywa chake mwenyewe apime pumzi ya herufi zinazotoka na hewa, na huwekwa vidole kooni asikie mahali ayn inapobanwa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna taabu yetu ya kudumu ya kuzifanya ha mbili za Kiarabu kuwa moja, na mtoto wetu aliipata ile ya "Rahman" baada ya siku nyingi za kuhema kama aliyekimbia. Mfano ulionishangaza zaidi ulikuwa wa mwanafunzi mkubwa wa miaka kama 17, aliyekuwa amefika Surat Yusuf. Katika aya ya 11 ya sura hiyo, kwenye maneno "la ta'manna", kisomo cha Hafs tunachokisoma huku kwetu kina ishmamu, yaani midomo hukusanywa kama ya mtu anayetaka kutamka "u", na sauti yenyewe isitoke. Vitabu vya tajwidi, elimu ya kuitamka Qurani sawasawa, husema jambo hilo hutambuliwa kwa jicho. Sasa asiyeona atalitambua vipi? Ustadhi alivichukua vidole vya kijana na kuviweka kwenye midomo yake yeye ustadhi, akasoma, kisha akavirudisha kwenye midomo ya kijana mwenyewe. Baada ya hapo akamfundisha pia namna ya pili inayokubalika mahali hapo, ambayo husikika kwa sikio, ili awe nazo zote mbili. Somo lilichukua dakika kumi hivi kwa neno moja, na hakuna aliyelifanya lionekane jambo la ajabu.

Sehemu ninayotaka kuikalia zaidi ni ya alama, kwa sababu hapo ndipo madarasa mengine yote tuliyojaribu yalipokwama. Hafidhi mwenye macho, hasa anayetumia msahafu wa Madina wenye kurasa 604 na mistari 15 kwa ukurasa, ambamo kila ukurasa huishia mwisho wa aya, huihifadhi pia sura ya ukurasa. Akikwama hukumbuka kwamba aya ile iko juu, upande wa kulia, karibu na pambo la juzuu. Asiyeona hana ukurasa, na mwalimu asiyelijua hilo hudhani mtoto ana usahaulifu, kumbe mtoto amepewa nyumba isiyo na milango. Hapa Magomeni mlango ni mkono. Kidole gumba huhesabu pingili, kuanzia kidole cha shahada hadi cha mwisho, pingili tatu kwa kila kidole, aya 12 kwa mzunguko mmoja, na mtoto huhifadhi aya pamoja na pingili yake.

Manufaa yake niliyaona tulipofika kwenye mtego. Watoto wa pale, kama ilivyo desturi, huanza An-Nas, sura ya mwisho, na kupanda kurudi nyuma, kwa hiyo mtoto wetu aliihifadhi Abasa kabla ya An-Naziat. Sura hizi mbili zinafuatana na zina aya moja inayofanana neno kwa neno, "mata'an lakum wali-an'amikum", ambayo ni ya 33 katika An-Naziat na ya 32 katika Abasa, na baada yake zote mbili zinaendelea na "fa-idha jaat". Kila alipofika hapo katika An-Naziat, ulimi ulimteleza ukaingia "as-sakhkha" na kumalizia Abasa yote hadi mwisho, kwa furaha kabisa, huku mkeka ukigongwa mara tatu bila yeye kusikia. Kwa wiki nzima hali ilikuwa hiyo hiyo. Ustadhi alimrudisha kwenye vidole. Katika An-Naziat aya hiyo huangukia pingili ya tatu ya kidole cha pete, na katika Abasa huangukia pingili ya kati ya kidole hicho hicho, kwa hiyo anayehesabu anajua yuko nyumba gani kabla ya kufungua mdomo. Kisha akamwongezea alama za maneno. An-Naziat imeshataja "al-kubra" katika kisa cha Musa, aya ya 20, basi itataja tena "at-tammatul-kubra". Abasa nayo ni sura iliyoteremka kwa sababu ya Ibn Umm Maktum, sahaba asiyeona, na "as-sakhkha" ni ukelele wa kuziba masikio. "Sura ya asiyeona ina neno la sikio," alimwambia, "usiipeleke kwa Firauni." Tangu siku hiyo hajateleza tena hapo.

Kuhusu Ibn Umm Maktum, naomba nitie neno moja la pembeni. Nilitarajia kwamba katika darasa kama hili angetajwa kila siku kama kitulizo, nami nilikuwa nimechoka na vitulizo. Ustadhi alikieleza kisa chake mara moja tu, walipoanza Abasa, akasema kwamba alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilali, na kwamba Mtume alimwacha Madina awasalishe watu aliposafiri. Akamalizia kwa kuwaambia watoto kwamba mtu huyo alipewa kazi, kisha somo likaendelea.

Upande wa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole, darasa lina kidogo na linakitumia vizuri kuliko linavyokitunza. Mtoto aliyejifunza nukta nundu za Kiswahili shuleni hupata nafuu kubwa, kwa sababu herufi nyingi za Kiarabu hutumia nukta zile zile za sauti zinazolingana nazo, ba kwa b, mim kwa m, lam kwa l, na usomaji wake huenda kutoka kushoto kwenda kulia, kinyume cha msahafu wa wino. Ukhti anajua kufundisha hilo, na mtoto wetu alianza kusoma maneno kwa kidole baada ya mwezi mmoja. Tatizo ni kwamba kila irabu huchukua nafasi yake, karatasi ni nene, na msahafu mzima hugawanyika katika vitabu vikubwa vingi, ambavyo darasa linavyo vichache tu. Hivyo vichache vimelazwa kimoja juu ya kingine kwenye kabati, na uzito umezilaza nukta za vile vya chini kiasi kwamba baadhi ya kurasa hazisomeki. Vitabu vya nukta nundu husimamishwa wima. Nimelisema mara mbili, nikajibiwa "inshallah".

Sasa nije kwenye murajaa. Mtume aliifananisha Qurani na ngamia waliofungwa, kwamba mwenyewe asipowaangalia hutoroka, na darasa hili linafunga ngamia vizuri sana kisha linawasahau. Murajaa rasmi ni Alhamisi tu. Kwa wanafunzi tisa na muda uliopo kati ya Alasiri na Magharibi, kila mmoja hupata dakika kumi hivi, ambazo zinamtosha mwenye sura kumi na hazimfai kitu mwenye thelathini. Ramadhani iliyopita darasa lilifungwa mwezi mzima, na tuliporudi Surat Al-Mutaffifin yenye aya 36 ilikuwa imetoweka kama haikuwahi kusomwa. Mtoto alilia. Ustadhi hakumgombeza, lakini pia hakuwa na mpango wowote wa kuirudisha isipokuwa kutuambia, "Mrudie nyumbani." Nyumbani nani? Mama yake yuko dukani hadi usiku, kaka yangu ni dereva wa masafa, na mimi nasoma Qurani kwa kuangalia. Familia nyingi za wanafunzi wa pale zina hali kama yetu, na darasa linalijua hilo.

Tumejitengenezea njia yetu, nami naieleza kwa atakayehitaji. Tulinunua redio ndogo yenye vitufe vya kubonyeza na kuitia memori kadi yenye kisomo cha polepole cha Shehe Mahmoud Khalil al-Husary, ambaye usomaji wake wa Qurani nzima kwa tartili ulitoka mwaka 1961 na ambao bado sijaona unaoufaa zaidi kwa anayejifunza. Kila sura iko peke yake kwa mpangilio, na mtoto anajua kitufe gani kinampeleka mbele. Kila asubuhi kabla ya shule anasikiliza sura mbili za zamani na kuzisoma bila redio. Kabla ya hiyo redio tulipoteza fedha kwa ile kalamu inayosoma Qurani, ambayo muuzaji mmoja wa Kariakoo aliniapia kuwa imetengenezwa kwa ajili ya wasioona. Kalamu hiyo husoma ikigusishwa kwenye aya iliyochapwa, na ili uiguse aya huna budi uione. Nilicheka njia nzima ya kurudi, kwa hasira. Programu nyingi za Qurani za simu nazo hazikutufaa, kwa kuwa ukiwasha sauti ya kusoma skrini vitufe vyake havijapewa majina, na simu inabaki kutamka "kitufe, kitufe".

Yapo malalamiko mengine matatu, nayo nitayapitia haraka. Mmoja wa wasichana ana uoni hafifu na anaweza kusoma maandishi makubwa yakikaribishwa usoni, lakini anafundishwa kwa sikio tu kana kwamba haoni kabisa, na hiyo ni kumnyima nusu ya uwezo wake. Mlangoni kuna mtaro uliofunikwa kwa ubao mmoja unaotikisika, katika darasa ambalo karibu kila anayeingia anatanguliza fimbo nyeupe. Ada nayo ilipanda kutoka shilingi 25,000 hadi 35,000 kwa mwezi bila taarifa, na ingawa bado naiona ni halali kwa kazi inayofanyika, mzazi alistahili kuambiwa mapema.

La nne silipitii haraka. Mara tatu nikiwapo wamekuja wageni wenye sadaka, na mara zote tatu somo lilisimamishwa, watoto wakapangwa mstari wasome mbele ya kamera za simu. Mvulana mmoja alikuwa katikati ya aya mpya. Aliinuliwa, akasomeshwa Al-Ikhlas aliyoihifadhi zamani, wageni wakafuta machozi, na aya yake ikapotea jioni ile. Ustadhi hayapendi mambo hayo na uso wake hauwezi kuficha, lakini uongozi unasema mikeka na feni vimetoka kwa watu hao hao. Mgeni mwenye nia njema na aje Jumapili awakabidhi viongozi alichonacho, au akae mkekani nyuma asikilize somo lote bila simu. Atasikia makosa mengi, na ataelewa fedha yake inafanya kazi gani.

Kuhusu usafiri, kituo cha mwendokasi kiko karibu na kutoka Kimara ni safari moja isiyo na kubadilisha, ila jioni ya kurudi msongamano ni mkubwa mno kwa mtoto mwenye fimbo, nasi huswali Magharibi hapo hapo msikitini na kusubiri mpaka watu wapungue. Anayetaka kumwandikisha mtoto aende Jumamosi asubuhi, wakati wa kusikilizisha, na amtie kitu tumboni kwanza, maana zamu huwa ndefu. Awaulize viongozi waziwazi murajaa ya mtoto wake itakuwa siku ngapi kwa wiki. Wazazi tukiuliza wengi, huenda Jumanne nayo ikaongezwa.

Sisi hatuhami. Mtoto ameshapita sura 36 kati ya 37 za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, Al-Mutaffifin tumeirudisha kwa redio, na kwa "qul" yake sasa anamsahihisha hadi baba yake. Imebaki An-Naba, ambayo aya ya nne na ya tano zinatofautiana kwa neno moja tu, "thumma", na ustadhi ameshamwambia aziandae pingili zake.